Mbuzi wa Gari Jipya

Kasongo, 9 Juni 1957

Kwa Hippolyte Kassimu, Kabambare

Mdogo wangu,

"Kaka, huo ni wivu tu, na wivu ni ugonjwa wa mtu asiye na kazi." Hayo ni maneno yako. Nimeyanakili bila kuondoa hata nukta, maana mimi nikipinga maneno ya mtu huyapinga yakiwa mazima.

Tuanze na kazi. Nina duka la vitambaa na cherehani mbili. Nina watu wanaonijia kila juma niwaandikie barua za kwenda kwa bwana wa teritware, Mzungu anayetawala wilaya, na kila barua inayotoka mkononi mwangu hujibiwa, hata kama jibu lenyewe ni la hasira. Magazeti mawili yamechapa maneno yangu, na la pili likaniomba nipunguze ukali. Je, huyo ndiye mtu asiye na kazi?

Sasa wivu. Mtu humwonea mwenzake wivu kwa kitu anachokitaka. Mimi gari silitaki. Nimeyaona magari mji huu kabla wewe hujavaa kaptula. Nililokuuliza lilikuwa jambo la adabu, nawe ukalikimbia. Nalirudia, ukae nalo.

Baba yetu Mzee Kassimu alituacha wawili. Mimi kwa mama yangu hapa Kasongo, wewe kwa mama yako huko kwa Wabangubangu. Wamisionari wakakubatiza, sikusema neno. Wakakupa jina ambalo Shangazi Mwanvua mpaka leo hulitamka kama anayetema mfupa wa samaki, sikusema neno. Lakini mkubwa ni mimi. Siku ulipolitoa gari uani kwa muuzaji wako Bwana Gaston, nani alikaa mbele? Wewe, sawa, ndiye dereva. Kando ya dirisha Shangazi, sawa, ni dada wa baba. Na katikati, mahali pa mtu wa tatu, kikakaa kikapu cha Shangazi cha mikate ya mchele. Mimi, mwana wa kwanza wa Kassimu, nikapanda nyuma kumshika mbuzi pembe.

Tulipopita sokoni fundi wa baiskeli alipiga kelele: "Hao wawili nyuma, anayeuzwa ni yupi?" Soko zima likacheka. Nawe ulicheka, Hippolyte. Nilikuona kwenye kioo.

Hata hivyo nilitimiza wajibu wangu. Gari lilisimama uani kwangu likielekea kibla, nikachinja mbele yake, damu ikapita kwenye magurudumu na kwenye parashoki, kile chuma cha mbele, kama wazee wa mji huu walivyofanya kwa kila chombo kipya. Usisahau nilichokuagiza: damu ya sadaka haioshwi kwa mkono. Inaachwa mvua iifute yenyewe. Mwambie mke wako Célestine aiweke chini ndoo yake.

Na lile karatasi la asiransi ulilonionyesha kwa fahari, ambalo sisi tunaosoma magazeti ya pwani tunaliita bima: ulilisaini bila kulisoma mpaka chini. Nilikuona. Mtu anayeuza gari na mtu anayeuza bima wakila meza moja, mnunuzi ndiye kitoweo. Lakini mimi ni nani niseme? Mimi siku hizi mtaani naitwa "kaka yake mwenye motokari". Miaka arobaini na saba nilikuwa na jina.

Ni mimi kaka yako, asiye na wivu,
Faradji bin Kassimu

Kabambare, 20 Juni 1957

Kaka Faradji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa na hasira, ya pili nikicheka. Célestine amesema ungekuwa mwanasheria, hata kuku wa Kasongo wangeshinda kesi.

Kuhusu kikapu, Kaka, mikate ilikuwa ya moto. Ungekaa wapi? Juu yake? Shangazi angekushusha kwa kofi mbele ya watu, na hilo fundi wa baiskeli angelisimulia mpaka Nyangwe.

Nikuambie habari za huku. Siku niliyoingia Kabambare watu walitoka mashambani. Mzee mmoja alizunguka gari, kisha akaweka kiganja kwenye injini, akasema, "Iko na homa." Nimeshapata kazi: kuanzia katikati ya Agosti nitapeleka mpunga Salamabila, kwa watu wa mgodi wa dhahabu. Wameniahidi kazi ya mwaka mzima, kwa sharti moja: siku ya kwanza gari lisimame pale likiwa na karatasi zake zote. Likikosekana, kazi anapewa mwingine, na wengine ni wengi.

Damu sijaiosha. Hiki ni kiangazi, mvua ya kuifuta itoke wapi? Nzi wametufuata kama mazishi. Célestine alikuja na ndoo, akasema, "Hippo, gari letu linanuka machinjio." Nikamjibu, "Acha. Kaka amesema." Akarudisha ndoo. Ona basi jinsi ninavyokudharau.

Jambo moja linanisumbua. Radiateri, lile tangi la maji la mbele, linadondosha. Kila asubuhi chini kuna kidimbwi. Nilikwangua rangi kwa ukucha, ikabanduka, na chini yake nikakuta lehemu ya zamani, imeshaanza kuwa ya kijani. Gari jipya lenye kovu la zamani! Lakini nina garanti, imeandikwa kwamba muuzaji atatengeneza bila malipo. Nitalipeleka kwa Bwana Gaston mwisho wa mwezi.

Kuna kitu nimekifanya kwenye mlango wa upande wa dereva. Sikuambii. Utakiona mwenyewe.

Mdogo wako,
Hippolyte

Kasongo, 2 Julai 1957

Mdogo wangu,

Sikuona chochote mlangoni, kwa sababu hukunipa nafasi ya kuona. Nimesikia kwa watu, kama mgeni anavyosikia, kwamba uliingia Kasongo Ijumaa, ukaliacha gari uani kwa Bwana Gaston, ukalala misheni, na Jumamosi alfajiri ukarudi Kabambare juu ya lori la pamba. Misheni! Nyumba ya Kassimu ina vyumba vinne na mkeka wako bado umeviringishwa nyuma ya mlango. Sasa hata usingizi wako unataka wenyeji walioenda shule.

Mwenye gari hana haja ya kaka, najua. Gari lenyewe ni ukoo. Lina mama, lina shangazi, lina mashemeji. Juzi watu watatu walinisimamisha njiani wakiniuliza kama "Patroni" yuko mjini. Nikawauliza Patroni gani. Wakashangaa. "Mudogo wako!"

Gari lako nimeliona kwa mbali nikipita getini. Limeelekeza uso wake njiani, na damu bado iko pale, imekuwa nyeusi. Nilisimama kidogo, sikuingia. Mimi siingii kwenye ua wa mtu kutazama mali ya mwingine.

Bwana Gaston mwenyewe alinikuta hapo akaniuliza mambo mawili matatu kuhusu barabara ya Kabambare. Nilimjibu kwa adabu. Hakuna zaidi.

Salamu kwa Célestine. Nimeambiwa siku hizi yeye ndiye anayekaa mbele.

Kaka yako,
Faradji

Kabambare, 11 Julai 1957

Kaka,

Sahau misheni. Niliingia giza limeshafunga, nikiwa na mafuta mpaka viwikoni, nikaona haya kumwamsha shemeji Aziza. Nisamehe. Leo nina jambo kubwa kuliko hilo.

Jumatatu nilirudi Kasongo kuchukua gari. Bwana Gaston alikuwa na mtu wa bima, yule ajenti anayetoka Kindu. Walikuwa wamechuchumaa mbele ya gari kama waganga. Ajenti akagusa parashoki kwa kalamu yake.

"Hii ni damu."

"Ndiyo, bwana. Ya mbuzi."

"Kwa hiyo umegonga mbuzi."

"Hapana, bwana. Amechinjwa."

"Amechinjwa na gari?"

"Amechinjwa na kaka yangu."

"Na damu imefikaje juu ya gari?"

"Kwa sababu gari ni jipya."

Wakatazamana. Bwana Gaston akacheka mpaka kofia ikaanguka. Ajenti hakucheka, akaandika. Nikasema tena, polepole, kwa Kifaransa nilichonacho, na kila nilivyoeleza zaidi ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo.

Hivi ndivyo walivyonifunga. Bwana Gaston anasema radiateri imepasuka kwa kugonga, kwa hiyo garanti haihusiki, niende kwa bima. Mtu wa bima anasema ajali iliyotokea bila kutangazwa ni udanganyifu, kwa hiyo bima inafutwa. Na gari lisilo na bima haliruhusiwi kutoka getini. Nikawaonyesha lehemu. Bwana Gaston akasema, "Hiyo umeitia wewe Kabambare." Mimi, Kaka, ambaye sijui hata kuziba sufuria!

Niliwaambia mtaa mzima ulikula ile nyama. Ajenti akajibu kwamba shahidi aliyeshiba atasema lolote. Kisha Bwana Gaston akasema neno ambalo limeniuma: "Tumeshauliza watu wa hapa hapa Kasongo. Hakuna aliyetaja mbuzi." Nani huyo, Kaka? Nani Kasongo anayenichukia hivyo?

Nilikimbia mpaka kwako. Shemeji Aziza akaniambia umekwenda Nyangwe. Nilisubiri mlangoni mpaka lori likapiga honi.

Ajenti atarudi Jumatatu tarehe 12 Agosti, na siku hiyo ataifunga faili. Amesema atamsikiliza mtu mmoja tu: aliyechinja. Nenda kabla ya hapo, Kaka. Wewe ambaye umewashinda mabwana kwa kalamu, nenda ukaseme neno moja: mbuzi. Nisipokuwa Salamabila na gari langu tarehe 15, mpunga utabebwa na mwingine, na hilo gari ndiyo miaka yangu minane ya jasho.

Mdogo wako,
Hippolyte

Kasongo, 19 Julai 1957

Mdogo wangu,

Unaniomba jambo dogo kwa mdomo, lakini lina mizizi. Unataka mimi, niliyeandika miaka yote kwamba mtu wetu asikubali kuhojiwa na mfanyabiashara kama mtuhumiwa, nikasimame kwenye ua wa mashine kueleza sadaka yangu kama mwizi anayeeleza habari za kuku. Nitasema nini? Kwamba nilitaja jina la Mungu juu ya mnyama kwa ajili ya radiateri ya Bwana Gaston? Nikifanya hivyo leo, kesho kila ndoa na kila tohara ya mji huu itatakiwa kuwa na risiti.

Sikatai. Nasema jambo lina njia yake, na njia inaanzia nyumbani. Wewe umefikaje kwangu? Kwa shida. Wakati wa vigelegele nilikuwa nyuma na mbuzi, wakati wa damu naitwa mbele. Hapo nimekuwa mkubwa ghafla!

Na nimesikia habari. Nimesikia kwamba kabla gari halijaanza kudondosha ulimpeleka Célestine mpaka Salamabila, yeye mbele, na mama mkwe wako mbele. Mama mkwe! Mwanamke asiyejua hata kaburi la Kassimu liko upande gani. Kumbe ile nafasi ya katikati ipo, inatosha mtu mzima mwenye mapaja. Nilidhani ilitengenezwa kwa ajili ya vikapu.

Una marafiki misheni. Padri wako ana pikipiki na ana ulimi, na Bwana Gaston humwondolea kofia. Mwambie yeye akaseme mbuzi.

Nipe muda. Mambo ya haki hayakimbizwi. Nilikuwa Nyangwe, ndiyo, kwa shughuli zangu.

Kaka yako,
Faradji bin Kassimu

Kabambare, 28 Julai 1957

Weye Faradji,

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, ili mdogo wako asizisome. Yeye anajua zile za Wazungu tu. Nimekuja huku Kabambare kumtazama Célestine, amelala na homa. Barua yako ya mwisho alisomewa hapo kitandani, nami nimekaa chini napepeta mchele. Ilipofika kwenye mapaja ya mama mkwe niliacha kupepeta.

Mwanangu, iko nini na wewe?

Nyangwe gani? Siku ile Hippolyte alipogonga mlango nilikuwa napita na kikapu changu. Viatu vyako vilikuwa kizingitini, vyote viwili, vya ngozi, ambavyo huendi navyo hata chooni bila kuvipangusa. Tangu lini unakwenda Nyangwe miguu mitupu? Maskini Aziza alikuwa anatazama chini. Umemfundisha mke mwema kusema uongo kwa ajili ya gari.

Na kuna lingine. Mimi mikate yangu naiuza wapi? Getini kwa Bwana Gaston, mafundi wakitoka wanunue. Ile siku aliyokusimamisha nilikuwa nimekaa pale chini ya ukuta, na hukuniona, maana siku hizi unaangalia gari tu. Nimesikia kwa masikio yangu. Akakuuliza, "Faradji, hii damu unaijua?" Na wewe, mwenye maneno elfu, wewe unayewaandikia watu barua za kurasa sita kuhusu mbuzi aliyekula mhogo wa jirani, ukamjibu, "Bwana, mimi ni mtu wa Kasongo. Mambo ya barabara ya Kabambare waulizwe watu wa Kabambare."

Nilitaka kukupiga na kikapu. Nikanyamaza, nikasema ngoja, atarudi mwenyewe. Wiki nne nangoja.

Hippolyte sijamwambia. Unajua jana amesema nini? Célestine alimwambia, "Kaka yako hatasema. Anakuonea wivu." Akamkaripia! Akasema, "Usimtaje kaka yangu hivyo. Yule ni mutu wa haki. Anatafuta njia tu." Na mimi niko pale, kipande cha chikwangue, huu mkate wao wa muhogo, kimenikwama kooni.

Sasa nikuambie kilichoandikwa mlangoni, maana wewe unapita kila siku ukitazama upande wa damu, na gari lina pande nne. Aliyekuwa akichora alikuwa fundi wa huku, na mdogo wako alisimama juu yake kutwa nzima akimwambia panua, panua, isomeke toka mbali. Nenda ukasome. Zunguka gari, mwanangu. Hatua chache tu, hutakufa.

Ile ngozi ya mbuzi unayoswalia nimeiona. Nyeupe, ina baka jeusi begani. Nilipokuwa kwako mwezi uliopita uliikunja haraka. Mtu anayeswali juu ya ushahidi wa nduguye na kuuficha, hiyo swala inakwenda upande gani?

Baba yako alipokuwa anafanya biashara ya mitumbwi, alimwachia mdogo wake mtumbwi mzuri na yeye akachukua unaovuja. Watu walimcheka. Alisema, "Acheni. Wakituona kwa mbali wataona mitumbwi miwili ya nyumba moja." Wewe umerithi ulimi wake. Mengine umemwachia nani?

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Salamabila. Mwaka huu mvua inaweza kuja mapema. Damu ikioshwa kabla ya huyo ajenti kurudi, nani atalinganisha nini na nini?

Kikapu changu kimekukosea, nimesikia. Kikapu kinaomba radhi.

Mimi shangazi yako,
Mwanvua

Kasongo, 7 Agosti 1957

BARUA YA WAZI

Kwa Bwana Gaston, muuza magari wa Kasongo, na kwa bwana wa bima atakayefika Jumatatu. Nakala kwa Hippolyte Kassimu, Kabambare. Nakala ya tatu itasomwa sokoni kesho asubuhi, na msomaji ni mimi.

"Gari hili limegonga, na mwenye gari ameficha." Ndivyo mlivyoandika kwenye faili lenu. Ni madai mawili, na yote mawili ni ya uongo. Nitayavunja kwa zamu.

Halikugonga. Damu ile ni ya beberu mweupe niliyemchinja mimi, kwa mkono huu unaoandika, uani kwangu, mchana, mbele ya mtaa wangu. Kwetu chombo kipya hakianzi safari bila sadaka, na damu ya sadaka haioshwi kwa mkono. Mimi ndiye niliyeamuru isioshwe. Mdogo wangu ni Mkristo na hana imani na jambo hilo, lakini alitii kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Kama utii ni kosa kwenye sheria za bima, andikeni hivyo kwa Kifaransa safi ili watoto wetu wasome.

Ngozi ya mbuzi huyo ninayo. Ni nyeupe, ina baka jeusi begani. Nywele zilizoganda kwenye parashoki ni nyeupe, na upande wa kushoto kuna nyeusi chache. Jana nilizitazama kwa karibu. Shingoni ngozi imekatwa kwa kisu, mkato mmoja. Nawauliza mabwana mnaojua mashine: ni gari gani linalomgonga mbuzi, likamkata koo kwa mkato mmoja, tena likamwelekeza kibla?

Na hiyo parashoki yenyewe imenyooka kama siku ilipofika. Taa nzima. Rangi ya mbele haina mkwaruzo. Mmetuambia kitu kiligonga kwa nguvu ya kupasua radiateri iliyoko nyuma ya chuma, na chuma hakikujua. Mlichuchumaa pale, mabwana wawili, mkaona damu ya mbuzi, lakini lehemu ya zamani chini ya rangi mpya, iliyo mbele ya pua zenu, hamkuiona. Lehemu ile ina ukungu wa kijani. Mdogo wangu alikaa na gari siku ishirini na kitu, wakati wa kiangazi. Ukungu ule haukuota Kabambare. Ulikuja na gari. Sisemi ni nani aliyeiziba radiateri. Nasema aliyeliuza aliliita jipya.

Hakuficha. Hili dai la pili ni gumu kwangu kuliko la kwanza, kwa sababu kuna mtu aliyeficha, nanyi mmekosea jina lake tu.

Bwana Gaston, uliniita getini kwako ukaniuliza kama naijua damu ile. Nilikujibu kwamba mambo ya Kabambare waulizwe watu wa Kabambare. Hakuna neno hata moja la uongo katika jibu hilo, na lote kwa jumla lilikuwa uongo. Mdogo wangu alipokuja mlangoni kwangu kuniomba nitoe ushahidi, nilikuwa ndani. Sababu yangu Kasongo nzima inaijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiipinga, kwa hoja nzuri sana, na katika barua nyingi.

Jana niliingia uani kwako. Nilizunguka gari. Sikuwa nimewahi kufika upande ule. Mlangoni pameandikwa kwa herufi nyekundu, ndefu kama mkono: FARADJI NA HIPPOLYTE, WANA WA KASSIMU, KASONGO NA KABAMBARE. Sina senti hata moja katika gari lile. Nilisimama hapo mpaka mlinzi wako akaniuliza kama nimepotea.

Nikamwambia, "Sijapotea. Nasoma jina langu."

Basi mjue mnashughulika na nani. Jina la kwanza mlangoni ni langu, na ndivyo inavyostahili. Najua pia kwamba mtu wa mtaani kwetu ameshaitwa ofisini kwa bwana wa teritware kwa maneno machache kuliko haya. Nikiitwa nitakwenda. Lakini niiteni Jumanne, maana Jumatatu nina kazi, na mtu aliyesema sina kazi nilishamjibu tangu Juni.

Haya ndiyo ninayoyadai.

Wewe bwana wa bima: Jumatatu saa tatu asubuhi uwe uani na faili lako na kalamu yako. Nitatandika ngozi chini, mbele ya parashoki. Piga magoti ulinganishe nywele na nywele. Kisha futa neno "ameficha" penye jina la ndugu yangu. Ukitaka mahali pa kuliweka, andika langu. Bima yake irudi kazini siku hiyo hiyo.

Wewe Bwana Gaston: toa radiateri yenye kovu, tia radiateri mpya, kama garanti uliyoitia sahihi inavyosema, na tarehe kumi na tatu ufungue geti. Mvua ikinyesha kabla ya Jumatatu, lifunike gari turubai. Mashahidi wangu walioshiba nyama watakuwa wamekaa ukutani kwako tangu alfajiri, pamoja na mwanamke anayeuza mikate hapo, ambaye masikio yake ni mazima. Wao watatazama kama gari limefunikwa.

Na wewe Hippolyte, nakuandikia hapa hapa, mbele ya watu, kwa sababu nilikukosea mbele ya watu. Panda lori la kwanza uje. Usilale misheni. Mkeka wako nimeutandika. Geti likifunguka, Shangazi akae kando ya dirisha, hiyo ni haki yake na simpingi. Lakini ile nafasi ya katikati naidai mimi, kutoka getini mpaka sokoni, taratibu, mbele ya yule fundi wa baiskeli, na kutoka hapo mpaka Salamabila.

Kikapu kikae nyuma.

Faradji bin Kassimu